Maji Mekundu ya Malindi: Nani Anapima, Nani Anaambiwa?

    Leo nataka tuongee juu ya maji ya bahari yetu, na hasa juu ya kazi ya kuyapima na kuyachorea ramani. Nani anaifanya kazi hiyo? Anaifanya vipi? Na akishamaliza, matokeo yanakwenda wapi? Swali hilo la mwisho lishike vizuri, maana ndilo lililonileta hapa.

Tuanze Malindi. Tuseme ni mwezi wa Disemba, mvua za vuli zimenyesha sana bara, na wewe umesimama ufukweni. Unaona nini? Unaona bahari ya rangi mbili. Karibu nawe maji ni mekundu, mazito, rangi ya udongo wa Ukambani. Mbele zaidi ni ya buluu. Na baina ya rangi hizo mbili pana mstari unaoonekana wazi kabisa, umejaa povu, vijiti, magugu maji na chupa za plastiki. Chovya mkono katika yale maji mekundu, uutoe, ungoje ukauke. Vidoleni panabaki vumbi laini linalometameta. Mgeni akiona haya huuliza kulikoni. Mwenyeji hujibu kwa neno moja tu: Sabaki.

Sabaki ni mto wa pili kwa urefu nchini Kenya, baada ya Tana. Lakini hilo ni jina la huku chini. Huko juu unaitwa Athi. Unaanzia kwenye miinuko ya karibu na Nairobi, unapokea maji ya Mto Nairobi pamoja na kila kitu ambacho jiji limekitupa humo, unapita Machakos, Makueni na Kitui, unaingia mbuga ya Tsavo Mashariki, unakutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, na mwisho wake unamwagika baharini kati ya Malindi na Mambrui. Kwa hiyo anayelima kilimani Machakos na anayetega malema Malindi ni majirani, ingawa hawajapata kuonana.

Na si tope peke yake linaloshuka. Maji ya kunywa pia yamo. Visima vya Baricho, kule Lango Baya, vimechimbwa kwenye mto huo huo, na ndivyo vinavyowanywesha watu wa Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa. Basi ukisikia watu wanazungumza juu ya kupima Sabaki, usidhani ni habari ya samaki tu. Ni habari ya mtungi ulioko nyumbani kwako.

Haya, sasa tuje kwenye kupima kwenyewe. Unafikiri ni jambo gani la kwanza linaloweza kumpotosha mtafiti hapa? Ni upepo. Wakati wa kusi, mkondo na upepo vinasukuma lile tope kuelekea kaskazini, upande wa Mambrui na Ngomeni. Wakati wa kaskazi mambo yanageuka: tope linasukumwa kusini, linaingia ghuba ya Malindi, na linaweza kufika mpaka kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari. Hifadhi hiyo, pamoja na jirani yake ya Watamu, ilitengwa mwaka 1968, na ni miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika.

Sasa nifuate taratibu. Mtafiti mmoja anakuja mwezi wa Agosti, kwa sababu ndipo chuo chake kimefunga. Ni wakati wa kusi, mto umepungua maji. Anazamia hifadhini, anaona matumbawe vizuri, anapima, anaandika: maji ni safi. Mwingine anakuja Disemba, mto umefurika na kaskazi imeanza. Anazamia pale pale, haoni hata vidole vyake. Anaandika: maji yamechafuka. Nani mkweli? Wote wawili ni wakweli. Lakini ramani ya yeyote kati yao, ikiwa peke yake, itampoteza atakayeitegemea. Bahari yetu ina misimu miwili, na anayepima msimu mmoja amepima nusu.

Mvuvi wa Malindi angeweza kumwambia mtafiti hayo kabla hajafungua begi. Nalisema hili kwa uzito. Maarifa ya kujua upepo upi unaleta tope wapi, bamvua linatibua maji kiasi gani, maji mafu yanatulia siku ngapi, yako vichwani mwa watu wanaoishi hapa. Utafiti unaoanza bila kuwauliza watu hao unaanza na pengo, na pengo hilo halizibwi na chombo cha bei ghali.

Lakini kuna jambo ambalo hata mzee aliyevua maisha yake yote hawezi kulikumbuka. Nalo ni hili: tope la Sabaki lilikuwaje kabla babu yake hajazaliwa? Je, bahari ya Malindi imekuwa nyekundu siku zote, au wekundu huu una mwanzo wake? Nani wa kumuuliza?

Wapo wataalamu waliomuuliza tumbawe. Ndiyo, tumbawe. Katika bahari ya Malindi kuna matumbawe makubwa ya mviringo ambayo yanakua polepole sana, safu juu ya safu, mwaka hadi mwaka. Kama mnazi unavyobaki na alama shinani za makuti yaliyokwisha kudondoka, tumbawe nalo linabaki na alama za miaka yake. Wataalamu walilitoboa tumbawe moja, wakatoa kijiti chembamba cha mawe yake, wakakisoma kuanzia juu kwenda chini. Walikuwa wakitafuta madini yanayoitwa bariamu. Kwa nini bariamu? Kwa sababu bariamu hushikamana na udongo wa mto. Udongo ukifika kwenye maji ya chumvi, bariamu inaachia, na tumbawe linaimeza na kuiweka katika mfupa wake. Tope likiwa jingi mwaka huo, bariamu ni nyingi. Tope likiwa kidogo, bariamu ni kidogo.

Tumbawe lile lilikuwa na kumbukumbu ya miaka 300. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007, na yanasema hivi. Kuanzia mwaka 1700 mpaka 1900, tope la Sabaki lilikuwa karibu lile lile, halipandi wala halishuki kwa kiasi cha kushtua. Kuanzia 1900 likaanza kupanda. Likapanda, likapanda, mpaka miaka ya 1970 likafika kilele, pale mvua kubwa zilipoangukia ardhi iliyokwisha kuchoshwa na ukame na kulimwa bila kupumzishwa.

Hebu tulitazame jambo hili kidogo, msikilizaji. Miaka 200 mto umetulia, halafu unaanza kubadilika. Mwaka 1900 kulitokea nini? Reli ilikuwa njiani kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria. Utawala wa Waingereza ulikuwa unaingia. Baada ya hapo walowezi wakachukua ardhi nzuri za miinuko, na wenyeji, Wakamba miongoni mwao, wakafungiwa katika maeneo yaliyotengwa. Watu wakaongezeka mahali padogo, mifugo ikabanana, miteremko ikalimwa. Udongo ukaanza kukimbia. Historia ambayo watoto wetu wanaisoma darasani, tumbawe la Malindi liliiandika baharini, mwaka kwa mwaka, bila kuambiwa na mtu.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu pana funzo juu ya utafiti unaotumiwa vibaya. Serikali ya kikoloni iliuona mmomonyoko wa Ukambani. Iliupima pia. Maafisa wake waliandika ripoti nyingi juu ya Machakos katika miaka ya 1930. Na walipokwisha kupima, walifanya nini? Walisema kosa ni la Mkamba na ng'ombe wake, wakaanza kuwakamata ng'ombe na kuwauza kwa nguvu. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea kwa miguu mpaka Nairobi kupinga. Barabara yenye jina lake ipo Nairobi hadi leo. Unaona basi? Kipimo kilikuwa sahihi: udongo ulikuwa unakimbia kweli. Lakini kilishuka kwa watu kama adhabu, na waliopimiwa ardhi yao hawakuwa na neno katika uamuzi. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi mtu akitaja kuhifadhi udongo, mkulima alisikia kunyang'anywa.

Na bado ni watu hao hao wa Machakos ambao baadaye, kwa mikono yao, waliigeuza ile miteremko kuwa mashamba ya matuta. Unayajua matuta ya fanya juu? Mkulima anachimba mtaro kukata mteremko, na udongo anautupa upande wa juu. Mvua ikinyesha, maji yanakutana na ukingo, yanatulia, yanazama. Mwaka baada ya mwaka shamba linajisawazisha lenyewe. Watafiti waliofuatilia eneo hilo kwa kulinganisha picha na kumbukumbu za miaka 60 walikuta kwamba watu wameongezeka sana na mmomonyoko umepungua pale walipojenga matuta. Kila tuta la Machakos ni tope ambalo halitafika Malindi. Lakini nani amewahi kumwambia hivyo mkulima wa Machakos? Nani amewahi kumpelekea picha ya ile bahari ya rangi mbili akamwambia, mama, angalia, sehemu ya kazi yako inaonekana huku?

Nisieleweke vibaya. Si tope lote ni adui. Kamba wa ghuba ya Malindi na Ungwana wanategemea mito hii, Sabaki na Tana, kwa chakula na kwa maji yenye chumvi kidogo ambamo vitoto vyao hukulia. Mikoko aina ya mchu iliyoota mlangoni mwa mto inashika mizizi katika matope hayo hayo. Ule mchanga mpana wa fukwe za Malindi, unaowaleta wageni, nao umeletwa na mto. Linaloua ni kuzidi. Tope likizidi, mwanga haufiki chini. Mwanga usipofika chini, nyasi bahari zinadhoofika na matumbawe yanazibwa. Na hapo samaki kama tafi na pono wanahama. Kwa hiyo swali la mpimaji si kama tope lipo. Swali ni kiasi gani, lini, limefika wapi, na limekaa siku ngapi.

Je, tuna vyombo vya kujibu swali hilo? Tunavyo, tena vingine ni vya bure. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za dunia tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo hutolewa bila malipo. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ya kwanza ikiwa imerushwa 2015, zinapita juu yetu kila baada ya siku chache, na zinaweza kutofautisha vipande vya mita 10 kwa 10 juu ya maji. Katika picha zao tope la Sabaki linaonekana vizuri kabisa, likipinda kaskazini au kusini kufuata msimu. Hapo Nairobi kuna kituo cha kikanda cha ramani za rasilimali, RCMRD, kilichoanzishwa 1975, ambacho kazi yake ni kuzisaidia nchi zetu kuzitumia picha za namna hiyo. Na kuna jambo moja ambalo vijana wa Malindi wanapaswa kulijua na kujivunia: Ngomeni, hapo kaskazini mwa mlango wa Sabaki, ndipo ilipo kambi ya anga ya San Marco, inayoendeshwa na Waitaliano. Kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini hapo, tarehe 12 Disemba 1970, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Ile ilikwenda kutazama nyota. Hizi za leo zinatazama maji yetu.

Lakini setilaiti nazo zina mipaka yake. Tope huwa jingi lini? Wakati wa mvua. Na wakati wa mvua juu kuna nini? Mawingu. Siku ambayo ungetaka sana kuona, ndiyo siku ambayo picha inakuonyesha weupe mtupu. Halafu setilaiti inaona rangi ya juu. Haioni nyasi bahari zilizofunikwa chini, wala haijui kama maji ya chini yametulia au yametibuka. Lazima pawe na mtu ndani ya chombo, juu ya maji, siku ile ile.

Na mtu huyo anahitaji nini? Msikilizaji, pengine hutaamini. Anahitaji sahani nyeupe na kamba. Ndicho kipimo cha uangavu wa maji ambacho mabaharia na wataalamu wamekitumia tangu 1865, alipokijaribu kwa mara ya kwanza padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi. Bati la mviringo, upana wa sentimita 30, limepakwa rangi nyeupe, limefungwa kwa kamba yenye mafundo kila nusu mita, na chini lina uzito ili lisipeperushwe na mkondo. Unasimama upande wa kivuli wa chombo. Unalishusha polepole. Linapotea machoni, unashika kamba pale. Unalipandisha mpaka lionekane tena, unashika tena. Katikati ya hapo pawili ndiyo jibu lako. Fundo la pili? Mita moja. Fundo la kumi na sita? Mita nane. Unaandika tarehe, saa, mahali, upepo, maji yanajaa au yanakupwa. Basi.

Shule yoyote ya sekondari ya Malindi inaweza kulitengeneza bati hilo katika karakana yake. BMU yoyote, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, inaweza kwenda nalo baharini. Ugumu hauko kwenye bati. Ugumu uko wapi? Nitakwambia, na nitarudia: ugumu uko katika kwenda mahali pale pale, kwa namna ile ile, tena na tena, na kutunza kilichoandikwa.

Hapo ndipo miradi mingi hufia. Kazi inaanza kwa semina, kofia na fulana. Mwaka wa kwanza watu wanapima kila wiki. Mwaka wa pili fedha zinapungua, wanapima wakikumbuka. Mwaka wa tatu mradi umekwisha, daftari liko kwenye kabati la mtu aliyehamishwa, na kompyuta iliyokuwa na namba zote imeharibika. Kisha unakuja mradi mwingine na kuanza upya kama kwamba bahari imezaliwa jana. Unapima mahali tofauti, kwa saa tofauti, kwa kipimo tofauti. Miaka inapita, tuna vipimo vingi, na hatuwezi kuvilinganisha hata viwili. Hii inaniuma. Hatukosi watu wenye bidii wala hatukosi wasomi. Tunakosa mtu mmoja aliyepewa jukumu la kuhakikisha kwamba namba za mwaka huu zitakutana na namba za mwaka ujao.

Kusimamia utafiti ni kazi, jamani. Ni kazi kama ya kutoboa tumbawe au kusoma setilaiti, na inastahili mshahara, ofisi na heshima. Anayeamua kwamba tutapima bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, kwenye vituo vile vile vyenye alama ya GPS. Anayenakili daftari kabla halijalowa. Anayeweka nakala Malindi, nyingine Mombasa kwenye taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, na nyingine mikononi mwa BMU: huyo ndiye anayeilinda bahari, hata kama hajawahi kuvaa miwani ya kuzamia.

Nimesema nakala moja ibaki mikononi mwa BMU. Kwa nini nimeitaja hiyo? Kwa sababu ya lile swali langu la mwanzo: matokeo yanakwenda wapi?

Nenda ufukwe wowote wa pwani hii ukawaulize wavuvi kama wamewahi kuhojiwa na watafiti. Watakwambia ndiyo, sana. Waliulizwa majina ya samaki, majina ya miamba, wanavua wapi, wanapata kilo ngapi. Waulize sasa kama waliwahi kuletewa kilichoandikwa. Wengi watanyamaza au watatikisa kichwa. Na hiyo ni dhuluma, hata kama aliyeifanya hakukusudia. Mtu amekupa maarifa ya maisha yake yote, umekwenda nayo, umepata shahada, naye hajui uliandika nini juu yake.

Kuna jambo jingine gumu zaidi. Ramani ikichorwa vizuri, inaonyesha kila kitu. Inaonyesha mwamba ambao ukoo mmoja umeuvua kwa vizazi, inaonyesha pale changu wanapokusanyika kutaga mayai. Ramani hiyo ikiwekwa hadharani, nani atakayeisoma kwanza? Mwenye boti kubwa kutoka mbali. Ndiyo maana baadhi ya wavuvi wakiulizwa majina ya bahari zao hujibu kwa kupindisha, na mimi siwalaumu. Mpimaji mwenye adabu huuliza mapema: jina hili niliandike au niliache? Mahali hapa pawekwe alama, au tuseme tu "eneo la kaskazini"? Ramani inaweza kuwa na sura mbili, moja ya kijiji na moja ya wageni. Sioni ubaya wowote katika hilo. Naona ubaya katika kutouliza.

Je, kuna mahali ambapo kupima na kurudisha kumefanywa vizuri? Kupo, na si mbali. Shuka kusini mwa Mombasa mpaka Gazi, kaunti ya Kwale. Mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa vibaya sana katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani. Miaka ya 1990 wataalamu wa KMFRI, akiwemo Dkt. James Kairo, wakaanza kuirudisha pamoja na wanakijiji. Na mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanza mradi unaoitwa Mikoko Pamoja: wanalinda hekta 117 za mikoko, na hewa ya kaboni inayofungiwa humo inauzwa nje, fedha zinarudi kijijini. Zimeleta maji ya bomba. Zimenunua vitabu vya shule.

Lakini fedha hizo zinakuja kwa sababu gani hasa? Kwa sababu ya kupima. Hakuna anayenunua kaboni ambayo haikupimwa. Kuna viwanja vya mfano vilivyowekewa alama, na watu wa kijiji wanaingia humo na mkanda, tope likiwafika magotini, wanapima unene wa kila shina. Na mkoko una matata yake: una mizizi iliyoinuka juu, sasa utauzungushia mkanda wapi? Si kwenye mizizi. Unapanda sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho, hapo ndipo unapopima. Mchu, aina nyingine ya mikoko, hauna shida hiyo. Unaupima usawa wa kifua. Ukimwuliza mtu wa Gazi kwa nini sentimita 30, atakueleza, kwa sababu amefundishwa na anafanya mwenyewe. Na mwaka unaofuata anarudi kwenye mti ule ule. Huo ndio usimamizi ninaousema: anayepima ndiye anayeishi hapo, na matokeo yake anayaona kwenye bomba la maji.

Sasa turudi Sabaki, maana kuna jambo la haraka. Huko Makueni, juu ya Mto Athi, kuna bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018. Ni bwawa kubwa sana, la maji ya kunywa, ya umeme na ya kumwagilia. Bwawa hukamata nini? Hukamata maji, na hukamata udongo. Kwa hiyo tope litakalofika Malindi huenda likapungua. Ni habari njema kwa matumbawe. Lakini je, kwa kamba itakuwaje? Kwa mchanga wa fukwe itakuwaje? Kule Misri, bwawa kubwa la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, lilizuia karibu tope lote la Nile lisifike baharini, na sehemu za pwani ya delta zikazidi kuliwa na mawimbi. Sisemi kwamba yatatokea hayo hayo hapa; mito hii haifanani kwa ukubwa, na chini ya Thwake Sabaki bado inapokea matawi mengine. Ninachosema ni kwamba hatutajua lililotokea kama hatuna kumbukumbu za jinsi mambo yalivyokuwa kabla.

Kumbukumbu hizo haziwezi kutengenezwa baadaye. Upana wa ufuko wa leo lazima upimwe leo. Uangavu wa maji wa kaskazi hii lazima uandikwe kaskazi hii. Ungetaka nini basi kifanyike, utaniuliza. Nataka kaunti ya Kilifi, KMFRI, walinzi wa hifadhi ya bahari na BMU za Malindi, Mambrui na Ngomeni wakae meza moja, wachague vituo vichache, vichache tu, ambavyo wataweza kuvifikia kila bamvua na kila maji mafu, na wakubaliane ni nani anayeshika daftari. Vituo vichache vinavyopimwa miaka 20 vina faida kuliko mia vinavyopimwa mara moja. Na nataka kaunti za juu, Machakos, Makueni na Kitui, zipewe kiti kwenye meza hiyo. Makueni ilikwisha kutunga sheria yake ya kulinda mchanga wa mito mwaka 2015, kwa hiyo si wageni katika jambo hili.

Na wewe unayenisikiliza una sehemu yako. Mzee wangu wa Mambrui, wewe unayekumbuka ufuko ulikuwa wapi ulipokuwa kijana, na mwaka gani nyasi bahari zilianza kupotea mahali fulani: mwambie mjukuu wako aandike, na aandike pia jina la mahali, upepo na mwezi. Mwalimu wa fizikia au jiografia, lile bati la sentimita 30 na kamba yenye mafundo havihitaji kibali cha mtu. Na wewe mtafiti uliyepita ufukwe wa watu ukahojiana nao, kama ripoti yako imekamilika, ichapishe kwa Kiswahili kurasa mbili tatu, upande matatu urudi, uketi nao bandani pale samaki wanapopimwa, uwasomee, nao wakusahihishe.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutakaa na wanaojua zaidi habari za kamba wa Ungwana. Kama una swali juu yao, lilete mapema. Kwa leo muda wangu umekwisha.